Dinari Mbili za Msamaria

Ni nani kati yetu asiyejua mfano wa Msamaria katika sura ya 10 ya Injili ya Luka? Hata watoto wa katekisimu wanausimulia bila kukosea. Lakini katika kuueleza ndipo watu wanapoachana.

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, katika kitabu chake cha Maswali juu ya Injili, alieleza kila kitu kimoja kimoja. Mtu aliyepigwa ni Adamu. Wanyang'anyi ni shetani na malaika zake. Msamaria ni Bwana Yesu. Mnyama wake ni mwili aliotwaa. Nyumba ya wageni ni Eklezya, na mwenye nyumba ni Mtume Paulo. Nazo dinari mbili ni amri mbili za mapendo.

Maelezo hayo ni matamu, na imani iliyomo ni ya kweli. Walakini mwalimu wa Sheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani, na hapa swali hilo halijibiwi. Sisi wasikilizaji sote tumelala njiani tukingoja kubebwa. Hakuna anayeambiwa ashuke juu ya punda wake. Tena uchungu wa hadithi umepotea. Wayahudi na Wasamaria walichukiana, naye Yesu akamchagua mtu wa kabila lililodharauliwa awe mfano kwa wenye Sheria. Tumezoea kusema "Msamaria mwema", neno ambalo Luka hakuliandika, na hivyo hatushtuki tena.

Adolf Jülicher, mwalimu Mprotestanti wa Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19 alikataa kabisa ufafanuzi wa namna hii: kila mfano una fundisho moja tu. Naye alikaza kamba kupita kiasi. Mbona katika Injili ya Marko ndege, miamba na miiba ya mfano wa mpanzi vinaelezwa kimoja kimoja?

Twaona afadhali njia ya Mtakatifu Toma wa Akwino: maana za kiroho zisimame juu ya maana ya maneno yenyewe. Baba Mtakatifu Pio XII aliwahimiza wafafanuzi mwaka 1943 waitafute maana hiyo kwanza. Na Augustino asionewe: katika kitabu chake juu ya Mafundisho ya Kikristu alitumia mfano huu huu kuonyesha kwamba jirani ni kila mtu anayehitaji huruma yetu. Wahubiri wamekipenda kile kitabu cha kwanza, kwa kuwa mafumbo hupendeza masikio. Hiki cha pili kinauma: anayekisikia atakutana na mtu wa kabila lingine pale pale mlangoni pa kanisa.