Sinema na Mtazamaji wa Puge

Husemwa mara nyingi kwamba sinema sharti itengenezwe kwa ajili ya watazamaji, wala si kwa ajili ya wahakiki. Neno hili ni jema, ila latupasa kuuliza: mtazamaji yupi, na nani aliyemwuliza?

William Sellers, kiongozi wa Idara ya Filamu za Makoloni iliyoundwa na Uingereza mwaka 1939, alidai kuwajali sana watazamaji wa Afrika. Alishauri picha ziende polepole, zisirukie mahali pengine kwa ghafula, wala zisiwe na hila za kamera, maana aliamini kuwa mtu wa shamba hawezi kuzifuata. Hivyo mtazamaji akapewa heshima kwa jina, akanyimwa akili.

Na tumpime mtazamaji huyo kwa mtu wa Puge, wilayani Nzega, kwenye njia iendayo Tabora. Nchi hiyo ni ya Wanyamwezi, ambao wazee wao walichukua mizigo ya misafara hadi pwani, wakarudi na habari na lugha. Aliyezoea kumsikiliza msafiri akimtoa Ujiji na kumfikisha Bagamoyo kwa pumzi moja, atashindwaje na picha inayobadilika?

Ushahidi umo katika vibanda vya video. Humo filamu za Hong Kong na za Marekani, zenye kasi kuliko yote aliyoyakataza Sellers, zilifuatwa bila taabu mara zilipopata mfasiri wa Kiswahili, kama yule aliyesifika kwa jina la Lufufu. Mfasiri hueleza, hutania, huongeza hata yasiyosemwa. Mhakiki atasema ameiharibu kazi ya mwenyewe. Mimi naona ameimalizia. Kilichopungua hakikuwa wepesi wa picha, bali lugha. Jambo hili lilikwisha kudokezwa na *Muhogo Mchungu* ya mwaka 1952, ingawa serikali ya kikoloni ilikuwa na mkono ndani yake: humo Rashidi Kawawa, aliyesoma Tabora na kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alicheza mtu wa shamba kwa Kiswahili.

Lakini watengenezaji wetu wasifurahi upesi. Wako wanaokata hadithi moja sehemu mbili ili wauze mara mbili, na sauti yenyewe haisikiki. Wakiulizwa, hujibu kwamba wao hawatengenezei wahakiki. Jawabu hilo ni la Sellers, limevaa kanzu mpya. Mfasiri wa kibandani hakuwa na nafasi ya kujibu hivyo: watu waliketi mbele yake, na walipochoka aliwaona wakitoka.