Namna ya Kuitambua Ramani Nzuri ya Bustani Iliyofukiwa

Kiangazi cha mwaka 2018 kiliikausha Uingereza hadi nyasi za jumba la Chatsworth, Derbyshire, zikaungua na kuonyesha njia na vitalu vya bustani ya maua ya mwaka 1699 iliyolala chini yake. Ukame wa namna ile ni nadra. Mwenye jumba anayetaka kuiona bustani yake ya kale bila kuchimba humwita mpimaji wa kijiofizikia, naye humletea picha ya kijivu. Picha hiyo yaweza kupendeza sana na isiwe na thamani yoyote.

Ninapoikagua, mimi huanza na umbali kati ya kipimo kimoja na kingine. Njia ya changarawe bustanini mara nyingi haizidi mita moja kwa upana, na ukingo wa kitalu ni mwembamba zaidi. Kipimo kimoja kila mita kinatosha kutafuta ukuta mnene. Bustanini kitairuka njia au kuiacha vipandevipande. Nataka nusu mita, na mistari ya rada ya ardhini iwe karibu zaidi ya hapo. Ripoti isiyotaja umbali huo hairuhusu hukumu yoyote.

Kwa chombo, chaguo langu ni kipimaukinzani. Hupitisha umeme kidogo ardhini: changarawe na mawe huuzuia, udongo wa kitalu wenye unyevu huupitisha. Ncha zake zikiachana nusu mita, husoma zaidi tabaka la juu, lisilofika mita moja kwenda chini, na humo ndimo bustani nyingi zilimo. Ila kinachosomwa hasa ni unyevu, hivyo shamba lilelile hutoa picha tofauti masika na kiangazi. Mpimaji makini huandika hali ya hewa ya wiki zilizotangulia. Asipoandika, nina shaka naye. Magnetomita, chombo cha kupima usumaku, huyaona vyema matofali ya kuchoma, lakini uzio wa chuma au bomba huipofusha. Rada hutoa kina, ingawa udongo mzito wa mfinyanzi humeza mawimbi yake.

Kisha naomba data ghafi. Hapa ndipo kazi mbovu hujificha, kwa sababu kompyuta inaweza kulainisha chochote. Kichujio kikali huzaa kivuli pembeni mwa kila ukuta, na asiyejua hukiita mtaro.

Jaribio kubwa kabisa ni tafsiri. Mwaka 1707 ulichapwa mkusanyo wa michoro ya Kip na Knyff, inayoonyesha majumba ya Uingereza yakitazamwa kutoka juu, na baadhi ya bustani zilizomo zilikuwa mipango tu. Mpimaji dhaifu huuweka mchoro kama huo mezani, kisha kila doa hulilazimisha liufuate. Mistari iliyopangana kama miiba ya samaki huigeuza njia za bustani, kumbe ni mabomba ya udongo ya kukaushia shamba, yaliyotandazwa karne ya 19. Fundi wa kweli huchora kwanza alichopima, hutenganisha cha hakika na cha kukisia, na huacha wazi mahali ambapo ardhi haikumjibu.

Ukiagiza kazi hii, andika katika mkataba kwamba data ghafi utakabidhiwa, na utenge fedha za mashimo machache ya kuhakiki. Uchimbaji ndio huhakikisha: bustani ya mfalme William III huko Hampton Court ilirejeshwa mwaka 1995 baada ya wanaakiolojia kuifukua.