Kufuta Kache Siku Kebo Zimekatika

Tuanze na amri yenyewe, maana hukumu yangu iko hapo: npm cache clean --force. Mliokuwapo kwenye ile ofisi ya Temeke, Jumatatu ya 13 Mei 2024, mlimwona fundi wa zamu, bildi ilipofeli, akifuta folda nzima ya node_modules, kisha akamalizia na kache. Ulikuwa uamuzi mbovu, na haukuwa na utetezi hata dakika ile ulipofanyika.

Kwanza siku yenyewe. Tangu Jumapili kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikuwa zimepata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, waziri Nape Nnauye alishatangaza, na kuanzia Mbagala hadi Bunju intaneti ilikuwa ya kubahatisha. Nakala za laibrari zilizokuwa karibu zilikuwa ndani ya mashine ile ile ya Ubuntu aliyokuwa akiitumia. Akazifuta. Na npm ilimwonya: tangu toleo la 5 kache inajikagua na kujirekebisha, kwa hiyo inakataa kufutwa mpaka uilazimishe kwa --force. Neno hilo limewekwa pale ili mtu asite. Hakusita.

Baya zaidi, tiba haikuhusiana na ugonjwa. Rudini kwenye mstari wa kwanza mwekundu wa logi: Can't resolve './Malipo'. Nukta na mkwaju mbele ya jina zinakwambia kinachotafutwa ni faili la mradi wenyewe, si laibrari ya kupakua. Ingekosekana react au axios, jina tupu lisilo na nukta, hapo ungekuwa na sababu ya kuigusa node_modules. Faili lilikuwepo, limeandikwa malipo.js kwa herufi ndogo. Laptop ya Windows aliyotumia mwenzake kuandika msimbo huo haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali. Yeye akasoma mkia wa logi, akaona bildi imefeli, akaanza kufuta. Alipojaribu kupakua upya, ikawa ETIMEDOUT juu ya ETIMEDOUT, na kosa la awali likafukiwa chini yake.

Nimpe haki yake: kuchukua nakala ya hifadhidata kabla ya kuanza kulikuwa sahihi, na package-lock.json, inayotaja toleo la kila laibrari, ilikuwemo kwenye Git.

Nimelisema hili la kutegemea ghala la mbali tangu left-pad, Machi 2016, mistari 11 ya msimbo ilipoondolewa npm na bildi zikaanguka dunia nzima. Nikalirudia mwaka 2021, JFrog ilipotangaza kuachana na JCenter na miradi ya Android ikahangaika kutafuta ghala jingine. Bado tunaishi kana kwamba ghala la mbali ni letu. Kizazi kilichotupatia Jambo OpenOffice, ile ya Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2004, kilifanya kazi na intaneti ya kusuasua. Watu wa enzi ile walitunza diski za Debian kabatini, na logi waliisoma kutoka juu.

Kazi nzima ilihitaji amri moja: git mv malipo.js Malipo.js. Si kubadili jina kwa kipanya kule Windows, maana huko Git kwa kawaida hupuuza badiliko la ukubwa wa herufi pekee. Na wekeni Verdaccio, ghala la npm la ndani, kwenye kompyuta moja ya ofisini, itunze kila kifurushi kinachopita. Anayetaka kufuta kache aeleze kwanza mstari wa kwanza wa kosa unasema nini.