Kabla ya Kushika Spana

Gari linapochemsha, fundi mwenye haraka hufungua boneti. Fundi ninayemsifu hapa huanza kwa kuuliza: “Limeanzia wapi, bosi? Kwenye foleni au ukiwa kwenye mwendo?” Mwenye gari hujibu huku akitazama saa, maana yeye alikuja kusikia bei. Lakini jibu lake limeshapunguza kazi nusu. Gari likichemsha kwenye foleni kisha likapoa lenyewe barabara inapofunguka, shaka ya kwanza ni feni, kwa kuwa upepo wa mwendo ndio unaoishikia zamu. Likitulia mjini lakini mshale wa temperecha ukapanda kwenye mlima wa Kitonga, feni haina kesi kubwa. Ama maji hayazunguki, ama rejeta haitoi joto inavyopaswa. Na likichemsha popote, huku kila asubuhi maji yamepungua bila tone kuonekana chini, fundi hunyamaza kidogo kabla ya kuuliza swali la pili.

Nimewatazama mafundi wa namna hii kwa miaka, kwenye gereji za chini ya miembe na kwenye nyua za watu, na naona kazi ya kutafuta chanzo cha joto ndiyo inayomtenga fundi na mfungua nati. Haidai mashine kubwa. Sehemu yake kubwa mwenye gari anaweza kuifanya nyumbani kwa mikono, pua, masikio na sufuria moja chakavu, mradi akubali kungoja.

Karibu theluthi moja ya joto linalotokana na mafuta huishia kwenye maji ya kupozea. Gari la kwanza la Karl Benz, la mwaka 1886, liliyaacha maji hayo yachemke na kupotea hewani, na dereva akawa anaongeza njiani. Magari ya leo huyafungia na kuyaweka chini ya mgandamizo, na kinachoushikilia mgandamizo huo ni kifaa ambacho wengi hukidharau: mfuniko wa rejeta. Juu yake mara nyingi huandikwa 0.9 au 1.1, yaani kiasi cha mgandamizo unaoruhusiwa kuzidi ule wa hewa ya kawaida. Kwa mfuniko wa 1.1, maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Springi yake ikilegea, au mpira wake ukipata mkato, yatachemka kwenye 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, yatachemka kwenye 94 hivi, na injini nzima kabisa hufanya kazi kwenye 90 na kitu. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini fundi mzuri huanza na mfuniko kabla ya kutaja pampu wala gasketi. Huivuta kwa vidole vali ndogo ya katikati, ile inayoyarudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa. Ikikwama, asubuhi utaukuta mpira wa juu wa rejeta umenywea.

Ila mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji ya nyuzi 110 yakiondolewa mgandamizo ghafla huchemka papo hapo na kuruka usoni, na kitambaa kinene hakimkingi mtu. Vivyo hivyo injini iliyokaukiwa haimwagiwi maji baridi: hedi ya aluminiamu hupinda, au bloku hupata ufa. Kwa hiyo fundi huegesha gari kivulini, huagiza chai, na kukaa. Mteja huona anapotezewa muda. Mimi nimekuja kuona kwamba kule kukaa ni sehemu ya kazi, na kwamba gari linalosema kweli zaidi ni lile lililolala usiku kucha.

Asubuhi gari likiwa baridi, fundi hupiga magoti. Kulanti inayovuja hukauka na kuacha ukoko wa rangi, wa waridi au wa kijani, kulingana na aina yake. Chini ya wota pampu kuna kitundu kidogo kilichotobolewa makusudi kiwandani. Sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Ukoko kwenye kitundu hicho ni taarifa ya mapema, na ninavutiwa na mtu aliyebuni mashine iweze kulalamika kabla haijafa. Kisha fundi huminya mipira, hasa karibu na klipu, kutafuta iliyokakamaa na iliyolegea. Huingia ndani ya gari na kunusa: harufu tamutamu, na kioo cha mbele chenye utando usiofutika vizuri, humwambia kwamba rejeta ndogo ya hita inavujia ndani. Sauti ya maji yakibwabwaja nyuma ya dashibodi ni hewa iliyonaswa.

Ndipo huwasha injini, mfuniko ukiwa wazi, na kutazama shingo ya rejeta. Mapovu machache ya mwanzo si neno. Mapovu yasiyokoma, yanayozidi ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Yasipokuwepo, hufunga mfuniko, huacha injini ipate moto, na kuweka kiganja kwenye mpira wa juu, kisha wa chini. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Kwa dakika kadhaa hakuna kinachotokea, naye hana wasiwasi. Baadaye joto linahama taratibu kutoka mpira mmoja kwenda mwingine, na uso wake unalegea. Mpira wa juu ukiunguza na wa chini ukabaki baridi, kuna mlango haukufunguka, yaani themostati. Huzima injini, huhakikisha feni imesimama na haiwezi kujiwasha, kisha hupitisha kiganja juu ya rejeta yote. Palipo baridi katikati ya joto, mirija yake ya maji imeziba.

Feni ya umeme hujaribiwa kwa kuwasha AC. Magari mengi huiwasha hapo hapo. Kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990, ukiichomoa plagi ya swichi ya joto huku ufunguo umewashwa, feni lazima izunguke yenyewe, na isipozunguka tafuta fyuzi, relei au mota. Dakika chache tu. Badala yake wengi huiunga moja kwa moja na umeme wa ufunguo, izunguke kutwa kucha, na swali la kwa nini ilikataa halijibiwi kamwe.

Sasa themostati. Ndani ya kikombe chake kidogo cha shaba mna nta. Nta ikipata joto hutanuka na kuisukuma vali. Ikipoa, springi huirudisha. Haina umeme. Kuipima nyumbani kuna raha yake: ifunge uzi, ininginize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto pembeni, washa jiko. Themostati za Toyota nyingi zimegongwa namba 82. Maji yakipita 70, kimya. Yakifika 80, bado unaweza kudhani imekufa. Halafu ukingo wa vali unaachia mwanya mwembamba kama unywele, mwanya unapanuka, na maji yakikaribia 95 vali imesogea milimita 8 au zaidi. Itoe, nayo itajifunga polepole mbele ya macho yako. Isipofunguka, au isipojifunga, umeshapata jibu kwa gharama ya mkaa kidogo.

Najua hoja ya upande wa pili, kwa sababu kila dereva ameisikia: huku kwetu joto, kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, kitoe. Siikubali. Injini isiyofikia joto lake huchakaa haraka, na kompyuta yake, ikiamini bado ni alfajiri, huendelea kumimina petroli zaidi. Kibaya zaidi, katika baadhi ya injini themostati ina sahani ya pili nyuma yake, inayofunga njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, mkato unabaki wazi na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari lililotolewa themostati ili lisichemshe linaweza kuchemsha kwa sababu hiyo hiyo.

Rejeta iliyoziba ina fundi wake maalumu. Kwenye mitaa ya mafundi kama Gerezani jijini Dar es Salaam, bado unaweza kumkuta anayefungua rejeta ya shaba kwa moto, akalegeza risasi ya kiungo, akang'oa tangi la juu na kupitisha ufito bapa wa chuma katika kila mrija, mmoja baada ya mwingine, mpaka tope jekundu liishe. Akishaunga upya huziba matundu, huzamisha rejeta kwenye beseni, hupuliza upepo na kutazama povu litatokea wapi. Rejeta za aluminiamu zenye matangi ya plastiki hazikubali tiba hiyo, nazo ndizo zimejaa kwenye magari madogo ya Kijapani. Kwa hizo, kinga ni maji yenyewe. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi hula aluminiamu na kuacha magamba. Nusu kulanti isiyochanganywa na nusu maji ya betri yasiyo na asidi ndiyo mchanganyiko ulio salama. Rangi usiiamini, soma chupa. Na kulanti uliyoitoa usiiache wazi, ipeleke gereji, kwani ni sumu na utamu wake huwavuta watoto na mbwa.

Ya gasketi ya hedi ni mafupi. Oili imekuwa na rangi ya maziwa, ekzosi inatoa moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, au plagi moja kati ya nne imetoka safi kuliko wenzake kwa kuoshwa na mvuke: hapo mwite mtu mwenye rula ya chuma iliyonyooka na mashine ya kusaga hedi. Uani kwako hapatoshi.

Hesabu ya malipo yetu ndiyo inayonisumbua. Fundi akishusha injini tunatoa pesa bila kubisha, kwa kuwa tumeona jasho. Akikaa asubuhi nzima akiuliza, akinusa, akigusa mipira, kisha akasema badilisha mfuniko, tunamlipa bei ya kufungua mfuniko. Ndiyo maana wengine wamejifunza kuona gasketi mbovu mahali ambapo haipo. Wewe mwenye gari, siku utakapoambiwa kwamba tatizo ni mfuniko tu, uliza alijuaje, sikiliza jibu, kisha umlipe kwa kujua kwake.