Ufundi wa Mwenyeji

Leparua, katika Kaunti ya Isiolo, ni hifadhi ya jamii inayopakana na hifadhi ya wanyamapori ya Lewa. Humo wanaishi Wamaasai, Wasamburu, Waturkana, Waborana na Wasomali, kila jamii na wazee wake, malisho yake na kumbukumbu zake za mifugo iliyoibwa. Shirika la hisani linaloamua kuwakutanisha watu hapa, ili wafadhili, wafugaji, walimu na maofisa wa kaunti wajuane, hujitwika kazi inayoanza wiki nyingi kabla turubai halijafungwa. Wanaoimudu ni mafundi, ingawa ni nadra majina yao kuonekana kwenye ripoti.

Kazi ya kwanza ni kualika. Mzee anayesikia habari za mkutano sokoni, ilhali jirani yake alifuatwa nyumbani, huja amekunja uso, au haji kabisa.

Somo kubwa la ualikaji kaskazini mwa Kenya lilitoka Wajir. Mwaka 1992, koo zikiwa zinapigana, wanawake waliokutana harusini walianza kuulizana wafanye nini. Miongoni mwao alikuwa mwalimu Dekha Ibrahim Abdi, ambaye mwaka 2007 angepata tuzo ya Right Livelihood. Walianzia sokoni, wakahakikisha mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kufukuzwa. Ilipofika zamu ya wazee, waliotangulizwa kuongoza usuluhishi ni wazee wa koo ndogo zisizokuwa na upande katika vita. Ustadi wote uko hapo: kabla ya kuuliza nani aitwe, waliuliza nani aite. Mwaka 1993 wazee walikubaliana Azimio la Al Fatah, la kukomesha mapigano hayo.

Mahali pia pana uzito wake. Mashirika mengi hukodi ukumbi wa hoteli Nairobi au Nanyuki, kisha wafugaji wawili watatu wakasafirishwa kuja kutoa ushuhuda. Lewa ilishika njia nyingine. Tangu 2000, ikishirikiana na shirika la Tusk la Uingereza, imekuwa ikiandaa marathoni ndani ya hifadhi yenyewe, na michango huenda kwenye shule, afya na uhifadhi. Mkimbiaji hutimua vumbi la ardhi ileile anayoichangia. Shirika la IMPACT nalo lilianzisha mwaka 2013 msafara wa ngamia kando ya mto Ewaso Ng'iro. Washiriki hutembea siku kadhaa wakipiga kambi kwa jamii za njiani, na mjadala wa maji hufanyika penye maji, au penye mchanga ambapo maji yalikuwa yakipita.

Leparua haihitaji marathoni. Mti wenye kivuli kipana unatosha, mradi mwenyeji amepima mambo yanayosahauliwa na waandishi wa ratiba. Wakati wa kiangazi vijana wako mbali na mifugo. Mkutano wa siku hizo huwakosa watu walewale ambao mfadhili amekuja kuwasikia. Ijumaa adhuhuri ni ya swala. Mbuzi huchinjwa na Mwislamu, ili wote wale sufuria moja bila mtu kuuliza. Hotuba inayotafsiriwa kwa lugha mbili huchukua muda mara tatu, kwa hiyo mwenyeji mwema hupunguza hotuba bila huruma, ya mwenyekiti wake ikiwa ya kwanza kupunguzwa. Na kipaza sauti hupelekwa mapema kule walikoketi akina mama, kabla wazee hawajamaliza mchana wote.

Saa ya chakula ndiyo kiini cha siku, na wengi huiacha ijiendee yenyewe. Wageni wa Nairobi hukaa na wageni wa Nairobi. Fundi wa kazi hii humshika mfadhili mkono, akamketisha karibu na mama anayeuza maziwa, akaacha mkalimani katikati yao, kisha akaondoka.

Wajir hawakuishia kwenye makubaliano. Mwaka 1995 vikundi vya wanawake, wazee na vijana viliungana na ofisi za serikali kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na muundo huo ukaigwa katika wilaya nyingine za Kenya. Mkutano mdogo wa Leparua unaweza kufuata njia hiyo kwa kiwango chake: kabla gari la kwanza halijawashwa, mfadhili na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wawe wamepatana siku ya kuonana tena, na mtu mmoja, aliyetajwa kwa jina mbele ya wote, awe amekabidhiwa kazi ya kuwapigia simu.