Kwa Nini Usukumani? Hesabu za Simeon Mesaki

Imani ya uchawi imeenea Tanzania nzima. Mauaji ya vikongwe hayakuenea hivyo. Simeon Mesaki, aliyekuwa mwalimu wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliing'ang'ania tofauti hiyo, na hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yake.

Takwimu za serikali za 1970 hadi 1984 zinataja watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi: wanawake 2,286, wanaume 1,407. Karibu theluthi mbili ni wa Usukumani, yaani Shinyanga na Mwanza, Geita ikiwa bado ndani ya Mwanza. Mvivu angesema Wasukuma wanaamini mno, akafunga daftari. Lakini kitu kilichopo kila mahali hakiwezi peke yake kueleza kwa nini mapanga yatembee hapa na si kule. Katika tasnifu yake ya 1993, Chuo Kikuu cha Minnesota, Mesaki alitafuta kilichobadilika. Machifu walikwisha kuondolewa. Kisha operesheni vijiji ikazibana pamoja kaya zilizozoea kukaa mbalimbali. Zamani aliyeshukiwa aliweza kuhama. Sasa mtuhumiwa na mtuhumu wakawa majirani wa kudumu.

Macho mekundu ya vikongwe kwa moshi wa jikoni, yanayodhaniwa kuwa dalili ya uchawi na ambayo kila mwandishi huyakimbilia, kwangu ni alama ya kumteua mlengwa tu. Ugomvi wenyewe kati ya majirani hayauelezi. Mwaka 2009 Mesaki aliirudia mada, safari hii akiutazama uzee wenyewe na utawala mbovu. Takwimu zile za serikali zilikuwa na pengo moja kubwa: zilihesabu waliokufa, si waliotoroka kwa vitisho.

Mwaka 2010 Deborah Fahy Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington waliuliza swali la aina hiyohiyo juu ya mauaji ya watu wenye ualbino katika ukanda wa dhahabu. Badala ya kuulaumu ushirikina kwa jumla, waliufuatilia uhusiano wa wachimbaji wadogo na waganga: dhahabu ni bahati nasibu, na bahati ina wauzaji. Hoja inashika vizuri kwenye mashimo. Inalegea inapomfikia mnunuzi wa viungo vya waliouawa, kwani mpiga ramli ana kilinge kinachojulikana, ilhali anayelipia viungo vya binadamu hatoi mahojiano kwa mtafiti yeyote.