Bustani Inayosubiri Kuliwa

Mkulima wa kawaida akikuta jani limetobolewa hukimbilia dawa. Huko mashariki mwa Australia, kusini mwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales, wapo wakulima wa bustani ambao wakikuta tundu kwenye jani huita jirani aje aone. Wamelea mmea mmoja unaotambaa kwa miaka, wakaumwagilia, wakaufunika mashina kwa majani makavu, wakautafutia mti wa kupandia, yote hayo ili siku moja uliwe hadi ubaki vijiti.

Anayengojewa ni kiwavi wa Ornithoptera richmondia, kipepeo aliyepewa jina la mto Richmond wa New South Wales. Dume ni mweusi mwenye kijani kinachometameta. Jike ni mkubwa kuliko dume, wa kahawia na madoa meupe, na mabawa yake yakitandazwa hufikia sentimita 15 hivi, karibu upana wa daftari la shule. Katika karne ya 19 alionekana akiruka hata katika mitaa ya Brisbane. Kisha misitu ya tambarare ikafyekwa kwa ajili ya malisho, mashamba na nyumba, na mmea wake ukaondoka pamoja na msitu. Kiwavi huyu hana chaguo: porini hula Pararistolochia praevenosa, au ndugu yake wa milimani, Pararistolochia laheyana. Mmea ukitoweka mahali, kipepeo naye anahama au anakufa. (Jenasi hiyohiyo ina ndugu katika misitu ya Kongo, kwa hiyo msomaji wa Kisangani ana haki ya kuuona mmea huu kuwa wa ukoo.)

Kuna jambo jingine baya zaidi ya shoka. Bustani za mijini zilipenda sana Aristolochia elegans, ua la kutambaa lililotoka Amerika ya Kusini, lenye umbo la kiko cha tumbaku na madoa ya zambarau. Lipo hata katika bustani za Afrika Mashariki. Kipepeo jike huonja jani kwa miguu yake ya mbele kabla ya kutaga, na jani la mgeni huyu linamridhisha. Anataga. Viwavi wanaanguliwa, wanakula, wanakufa. Mama hakukosea kwa jinsi alivyoumbwa kujua. Ni bustani ya watu iliyomwekea sumu mahali pa chakula.

Mwaka 1992 mtaalamu wa wadudu Don Sands, wa taasisi ya utafiti ya CSIRO, alianzisha mradi wa kumrudisha kipepeo huyu, na akaanza na watoto wa shule waliokuwa katika klabu ya sayansi ya Double Helix. Wakapanda miche shuleni, wakang'oa ule mmea wa sumu. Waliofuata ni watu wazima wa kujitolea, na ndio hasa ninaowasifu hapa, kwa sababu wao wameufanya upandaji kuwa ufundi.

Ufundi wenyewe unaanzia kwenye ua la huo mmea wa asili, ua dogo, lenye shingo iliyopinda, ambalo mtu anaweza kulipita bila kuliona. Wachavushaji wake ni wadudu wadogo wa jamii ya usubi, jamaa wa wale wanaochavusha kakao kule Kyela. Usubi wa namna hii huzaliana kwenye majani yanayooza chini ya miti. Bustani iliyofagiliwa ikang'aa haina usubi, na isipokuwa na usubi matunda yanakuwa ya kubahatisha. Kwa hiyo mkulima wa mmea huu huacha uchafu wa makusudi. Wageni wakija wakaona takataka za majani chini ya miti wasimsengenye.

Tunda likishika, subira ndiyo kwanza inaanza. Hukaa miezi mingi kwenye mmea, kijani, gumu, bila kuonyesha dalili yoyote. Matunda ya jamaa zake wengi wa kundi la Aristolochia hukauka yakapasuka na kumwaga mbegu, hili halipasuki. Linabaki la nyama, na likiiva linageuka njano iliyoelekea chungwa, likaanza kulainika. Hapo mwenye bustani analivuna, analipasua, anazitoa mbegu kwenye ute wake na kuziosha. Na hapo saa inaanza kukimbia, maana mbegu hizi zikikauka hupoteza uwezo wa kuota. Huwezi kuziweka kwenye kopo la maziwa zikangoja masika.

Ndiyo sababu mbegu hii haikai vizuri dukani, na ndiyo sababu hugawanywa. Tunazoea kudhani kuombana mbegu ni ukarimu tu, au umaskini: mama kaenda kwa jirani kuomba kunde za kupanda. Hapa kugawana ni sharti la mbegu yenyewe. Tunda moja lina mbegu nyingi kuliko nafasi iliyopo kwenye ua wa mtu mmoja, na zote zinataka udongo sasa hivi. Mwenye nazo atampa nani? Yeyote aliye tayari na kitalu. Kuchuma porini nako si ruhusa ya kila mtu, kwani mimea ya asili ya huko inalindwa kisheria, hivyo bustani zenyewe zimekuwa hazina ya mbegu. Aliyepewa mche jana ndiye atakayeombwa mbegu baada ya miaka.

Mtu anaweza kuuliza, si wakate pingili wachomeke tu? Pingili zinashika, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini pingili ni mmea uleule mmoja uliopewa sufuria nyingi. Mbegu ni watoto, kila mmoja na damu yake. Na katika habari hii damu si neno la mapambo: vipepeo waliobaki katika vijisitu vilivyotengana, wakazaliana ndugu kwa ndugu, walidhoofika, mayai mengi yakawa hayaanguliwi, na ukame ulipoongezeka makundi mengine yakatoweka kabisa. Ikabidi baadaye wafugwe kwa kuchanganya wa sehemu mbalimbali na kuachiliwa. Mimea inayotokana na mama wengi haiwatibu vipepeo, lakini yenyewe angalau inaepuka udhaifu wa namna hiyo. Nakubaliana na wanaoshikilia mbegu, ingawa pingili ni rahisi.

Mbegu husiwa kwenye mchanganyiko mwepesi usiotuamisha maji, kivulini, na haziruhusiwi kukauka hata siku moja. Kuota ni kwa kudura: wiki kadhaa, pengine miezi. Mche unaochomoza ni mnyonge, na kwa muda mrefu unaonekana kama haukui. Kumbe unajenga mizizi. Unataka miguu ibaki penye ubaridi na unyevu, kichwa kifikie mwanga, kama ulivyozoea kwenye kingo za vijito vya msituni. Hauna vikono vya kushikia. Unajizungusha wenyewe kwenye kitu, kwa hiyo waya au mti mwembamba unaufaa kuliko ukuta. Itapita miaka kabla haujawa na majani ya kutosha kulisha kiwavi hata mmoja, na wenye haraka hukata tamaa hapo.

Ninachokistahi zaidi ni umwagiliaji wao. Mmea uliokomaa hauhitaji maji mengi ili uishi tu. Lakini kiwavi aliyeanguliwa leo ana taya ndogo, hawezi jani gumu. Akikosa jani changa anakufa njaa juu ya chakula. Ukame ukikaza majani, mmea utabaki hai na viwavi wataisha. Basi mtu anasimama na mpira wa maji wakati wa kiangazi, anamwagilia mmea usiokufa, ili utoe chipukizi za kumfaa mdudu ambaye huenda asije.

Akija, utaliona yai moja tu, la duara, la rangi ya njano-kijani. Kiwavi akitoka hula kwanza ganda la yai lake. Akikua anakuwa mweusi au kijivu, mwenye miiba laini ya nyama mgongoni. Ukimgusa anachomoza pembe yenye matawi mawili nyuma ya kichwa na kutoa harufu ya kukufukuza. Jirani yake mdogo akikaa njiani humla pia, na mayai vilevile, kwa hiyo shina moja lenye viwavi wengi si neema. Hatua yake ya mwisho ndiyo ya ulafi wenyewe: majani magumu hayamshindi tena, na mmea mdogo anaumaliza. Majani hayo nayo yana sumu, ila hii haimdhuru: anaihifadhi mwilini imkinge na ndege. Ni sumu kweli, asidi ya aristolokia, inayoharibu figo za binadamu, na mwenye busara hunawa mikono baada ya kupogoa.

Wenzetu wa Gede, Kilifi, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wanaujua upande huu wa kazi tangu Mradi wa Kipepeo ulipoanza mwaka 1993: kwanza panda chakula, kisha fuga kiwavi. Tofauti ni kwamba wao huuza pupa kwa nyumba za vipepeo za ng'ambo, na mmea ulioliwa unarudisha karo ya shule. Yule wa Queensland harudishiwi kitu mfukoni. Sisemi mmoja ni bora. Anayepanda kwa ajili ya karo huwa na sababu nzuri zaidi ya kutosahau kumwagilia.

Shida iliyobaki kwa huyu wa Queensland haiko shambani mwake. Shina moja halitoshi. Jike anahitaji mashina mengine ya kufikia akiruka, na ng'ambo ya barabara jirani amelipenda lile ua la kiko, limefunika uzio wote na kila mgeni analisifia. Huwezi kumwendea na mhadhara kuhusu wadudu. Ningekuwa mimi ningebisha hodi nikiwa na mche uliokwisha shika kwenye sufuria, tena mrefu kiasi, kisha ningeomba ruhusa ya kung'oa ule wa zamani kwa mikono yangu mwenyewe, mizizi na yote, na kuufunga kwenye gunia kabla hajabadili mawazo.